Kujengana Ni Kazi ya Kila Mkristo

 Somo la mwezi huu tumelichukua katika Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, mlango wa 5, fungu la 11 na fungu la 14. Tafadhalini yasomeni mafungu hayo kwanza, kisha mrudi hapa. Lakini kabla ya kuyaeleza twataka kuwasimulia jambo lililotupata katika mtaa mmoja, maana ndilo lililotusukuma kuandika.

Tulikwenda mtaa ule kwa ajili ya Meza ya Bwana. Mtaa wenyewe si mkubwa. Washirika wake wakaa karibu karibu, hata mtu akiita kihambani mwake jirani husikia. Jioni, tulipokuwa tukisoma kitabu cha washirika pamoja na wazee, tukafika kwenye jina la mtu mmoja ambaye zamani alikuwa wa kwanza kufika kanisani, tena ndiye aliyewafundisha vijana kuimba. Mbele ya jina lake hapakuwa na alama yo yote kwa muda wa mwaka mzima. Tukauliza, "Ndugu huyu yuko wapi?" Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Yupo nyumbani kwake." Tukauliza tena, "Je, ni mgonjwa?" "Si mgonjwa." "Basi amepatwa na nini?" Yule mzee akajibu, "Mchungaji, shauri lake tulikuwa tumekuwekea wewe."

Asubuhi tukaenda. Habari yake ilikuwa hivi. Aligombana na ndugu yake, wa baba mmoja na mama mmoja, kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Kila mmoja alisema ya kwamba mwenziwe ameyasogeza masale, ile mimea tuipandayo mpakani, nao wakatukanana mbele ya watu. Jumapili iliyofuata aliona haya kukaa nyumba moja ya sala na nduguye, akabaki nyumbani. Jumapili ya pili akabaki vile vile. Kabla ya Jumapili ya tatu akasikia ya kuwa watu wanasema amekwenda kwa mganga kumtafutia nduguye mabaya, naye hakwenda. Tangu siku hiyo akaufunga mlango wake. Tulipomwuliza kwa nini hakuja kwetu, alitutazama kitambo, kisha akasema, "Baba mchungaji, mwaka mzima sikusikia hodi ya mtu wa kanisa mlangoni pangu. Waliobisha ni wanunuzi wa ndizi, na wale waliotaka kunywa mbege pamoja nami."

Twawaambia kweli, ndugu zetu: mpaka siku tunapoyaandika maneno haya mtu huyo hajarudi.

Kwetu Kilimanjaro babu zetu walichimba mifereji ya kuyaleta maji kutoka makorongoni hata vihambani, na mingine yatumika hata sasa. Siku ya kusafisha mfereji kila nyumba hutoa mtu wake. Asipoonekana mmoja, jioni ile ile huulizwa habari zake. Je, anaumwa? Amesafiri? Ana kinyongo na mtu? Hakuna asemaye, "Na tumngoje mkubwa wa mfereji aje amwulize mwenyewe," kwa kuwa kila mtu ajua ya kwamba kipande kimoja kisiposafishwa, maji hayatawafikia wa chini. Basi tulijiuliza njiani tulipokuwa tukirudi: imekuwaje sisi kuwa wepesi hivi kwa habari ya maji, na kwa habari ya nafsi ya ndugu tukamwekea mchungaji ambaye huja mara nne kwa mwaka?

Sasa tuwatazame Wathesalonike. Thesalonike ulikuwa mji mkubwa wa Makedonia, mji wa bandari, ulio kwenye njia kuu ya Warumi. Luka atuambia katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, ya kwamba Paulo alihojiana na Wayahudi katika sinagogi lao Sabato tatu. Huenda alikaa zaidi ya hapo, walakini hakukaa muda mrefu. Palitokea ghasia, Jasoni na ndugu wengine wakakokotwa mbele ya wakubwa wa mji, wakatozwa dhamana, na usiku ule ndugu wakawatoa Paulo na Sila waende Beroya. Tangu huko Paulo akaenda Athene, moyo wake ukiwa nyuma kwa wale watoto wake wachanga, hata asipoweza kuvumilia tena akamtuma Timotheo kuwaangalia. Timotheo aliporudi na habari njema, ndipo Paulo alipouandika waraka huu, naye alikuwa Korintho, yapata mwaka 50 baada ya Kristo.

Fikirini hali ya watu hawa. Walikuwa Wakristo wa miezi tu. Agano Jipya hawakuwa nalo, maana waraka huu wenyewe ni katika maandiko yake ya kwanza kabisa. Jirani zao waliwaudhi. Baadhi ya wenzao walikuwa wamekwisha kufa, nao hawakujua wafikiri nini juu ya wafu hao. Tena yule aliyewazaa kwa Injili amefukuzwa usiku. Kama palikuwa na usharika wenye haki ya kusema, "Sisi hatuwezi lo lote mpaka mchungaji aje," ndio huo. Lakini Paulo hawaambii wamngojee. Awaambia wafarijiane, na wajengane, tena awasifu kwa kuwa wamekwisha kuianza kazi hiyo wenyewe. Ni kweli, walikuwako watu waliowasimamia. Fungu la 12 lawataja na kuagiza waheshimiwe. Walakini kazi ya kujenga haikuwekwa mikononi mwa wasimamizi peke yao.

Neno la Kiyunani alilolitumia Paulo ni lile lile la fundi ajengaye nyumba. Na karibu na mwisho wa fungu la 11 ameweka maneno matatu ya namna ya pekee, ambayo tukiyafuata sawasawa yangekuwa "mmoja yule mmoja." Yaani hasemi tu ya kwamba watu wote wawajenge watu wote, kama mahubiri yanavyowajenga wengi kwa mara moja. Asema mmoja amshughulikie mmoja. Kazi hii ina jina la mtu ndani yake. Ukiulizwa leo, "Wewe wamjenga nani?", usijibu, "Usharika." Taja jina.

Twende kwenye fungu la 14, maana hapo Paulo aonyesha namna ya kuifanya kazi hii, na hapo ndipo wengi wetu twakosea. Ataja watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wale wasiokaa katika taratibu. Neno lenyewe lilitumiwa kwa askari aliyetoka katika safu yake. Huko Thesalonike walikuwako watu walioacha kazi, wakazunguka wakila vya wengine, kama tusomavyo katika Waraka wa pili, mlango wa 3. Hao Paulo asema waonywe. Wa pili ni wale wenye roho ndogo. Ndivyo neno lisemavyo. Hao ni watu waliovunjika moyo, na bila shaka alikuwa akiwawaza wale walioomboleza wafu wao katika mlango wa 4. Hao hawaonywi, bali hufarijiwa, na neno la Paulo lina maana ya kusema na mtu hali umekaa karibu naye. Wa tatu ni wanyonge. Kwao Paulo atumia neno la kushika, kama mtu amshikavyo mzee mkono wanapovuka mto juu ya gogo. Mnyonge hatakiwi kuhubiriwa katikati ya gogo. Atakiwa kushikwa mpaka ng'ambo.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla ya kufungua kinywa chako, kwanza jua ni nani aliye mbele yako. Sisi tumewaona wazee wema wenye dawa moja tu, nayo ni onyo. Mtu akiwa mvivu huonywa. Akiwa na msiba huonywa. Akiwa na mashaka huonywa zaidi. Twamjua mjane mmoja aliyekosa kuonekana katika mkutano wa akina mama kwa miezi mitatu. Wakatumwa wanawake watatu kwenda kumwuliza habari ya mchango wake. Aliwakaribisha, akawapa viti, akalia. Hakuwa na nguo ya kutokea mbele za watu. Wale wanawake walirudi wakatoa taarifa ya kwamba "ameonywa". Tena tumeona na kinyume chake: mtu mlevi, apigaye mke wake, na kila mtu ajua, lakini kwa kuwa sadaka yake ya mavuno ni kubwa, basi yeye ndiye afarijiwaye! Wazee humwendea kwa upole mwingi, wakanywa chai yake, wakaondoka bila kumwambia neno. Huko si kumjenga mtu. Ni kupaka chokaa ukuta ulioliwa na mchwa.

Labda wengine watasema, "Hayo yalikuwa ya zamani za Mitume. Sisi tu watu wadogo." Basi na tuyakumbuke ya kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya vita vile vya kwanza vya dunia, katika mwaka 1920, karibu wamisionari wote Wajerumani waliondolewa mlimani. Ilipita miaka kabla ya msaada kufika wa kutosha kutoka kwa Walutheri wa Marekani, na kabla ya baadhi ya wale wa kwanza kuruhusiwa kurudi. Na wachungaji wa kwanza wa kabila zetu hawakuwekewa mikono mpaka mwaka 1934. Katika siku zile za upweke, nani aliyewashika Wakristo? Waalimu wa shule za vijiji na wazee wa kanisa. Watu ambao wengine walijua Katekisimo Ndogo, historia za Biblia na nyimbo, basi. Waliwafundisha wanafunzi wa ubatizo, wakawazika wafu, wakaenda nyumba kwa nyumba. Sharika hazikufa. Sisi tuliosoma chuoni tusijisifu kupita kiasi. Twala matunda ya migomba tusiyoipanda.

Na huko Bukoba mambo yalitangulia namna nyingine. Kabla ya wamisionari wa Bethel kufika mwaka 1910, walikuwako Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma Injili huko Buganda, nao waliporudi kwao wakawa wakikusanyika na kusomeana. Wamisionari walipofika wakaukuta moto umekwisha kuwashwa.

Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa sana Moshi ya Zamani, aliliona jambo hili kwa macho makali. Aliona ya kuwa watu wetu tangu kale wameunganishwa kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, naye akataka vifungo hivyo vitumikie Injili. Vijana wa kipaimara akawapanga katika vikundi vidogo, wawe wenzi wa kuangaliana na kusaidiana hata baada ya kutoka darasani. Walikuwako katika wasomi wetu waliomlaumu kwamba alishikilia mno mambo ya kale, na kwa sehemu twafikiri hawakukosa. Kijana aliyehamia mjini rika lake haliko naye. Lakini katika jambo moja alisema kweli iliyo kubwa: Mkristo aliyeachwa peke yake baada ya kipaimara ni kama mche uliopandwa kiangazi bila mtu wa kuumwagilia.

Mtu asidhani ya kuwa kusema hivi ni kuipunguza kazi ya uchungaji, au kuleta fundisho geni. Luther mwenyewe, katika zile Makala alizoziandika kwa ajili ya mkutano wa Schmalkalden wa mwaka 1537, alizihesabu njia ambazo kwazo Injili hutusaidia juu ya dhambi. Alitaja neno lihubiriwalo, Ubatizo, Meza ya Bwana, na mamlaka ya funguo. Kisha akaongeza njia nyingine ambayo wengi wetu tumeisahau: mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao, naye akaitegemeza kwa ahadi ya Bwana juu ya wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake. Tazameni mahali alipoiweka. Hakuiweka katika adabu njema wala katika desturi za ujirani. Ameiweka katika safu moja na Ubatizo na Meza ya Bwana, kuwa ni njia ya Injili yenyewe kumfikia mtu.

Naye hakuandika hayo kwa kubahatisha. Miaka kumi kabla yake, mwezi wa Julai mwaka 1527, alishikwa na ugonjwa na huzuni kuu ya roho hata akadhani anakufa. Aliyekuwa amewafundisha mataifa habari ya imani hakuweza siku ile kujifundisha mwenyewe. Akamwita Bugenhagen, mchungaji wa mji wa Wittenberg, akaungama kwake, akapokea neno la faraja kinywani mwake. Baadaye mwaka ule ule tauni ikaingia mjini, Chuo Kikuu kikahamia Jena, lakini Luther na Bugenhagen wakabaki na wagonjwa. Na Bugenhagen akahamia na jamaa yake katika nyumba ya Luther, wakatiana nguvu. Mwalimu mkubwa alihitaji mtu wa kumwambia maneno aliyoyajua.

Sisi tulikuwa tukiifundisha habari hiyo miaka mingi kabla ya kuielewa. Kisha mtoto wetu wa tatu akafa. Tulimzika siku ya Jumamosi, na Jumapili tukasimama madhabahuni, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Watu walikuja wengi kutupa pole, na wengi wao walisema, "Wewe mchungaji wayajua Maandiko, sisi tutakufariji kwa nini?" Walisema kwa heshima, nasi tukaitikia kwa heshima. Walipokwisha kwenda, nyumba ikanyamaza. Tuwe wakweli: kwa muda wa majuma matano hatukuweza kusali. Tulisoma sala kanisani, lakini nyumbani, mlango ukiisha kufungwa, kinywa kilikuwa kikavu.

Siku moja akaja bibi mmoja mzee, aliyebatizwa katika uzee wake, asiyejua kusoma hata herufi moja. Alileta kikapu cha magimbi. Akaketi, akauliza habari za nyumba, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwanangu, nimesikia husali." Tulijua ni mama wa nyumbani mwetu aliyemwambia, tukaona haya. Akaendelea, "Basi leo usisali. Nitasali mimi. Wewe utaitikia Amina tu." Akasali Sala ya Bwana kwa Kichaga, polepole, kama alivyofundishwa kwa kusikia katika darasa la ubatizo. Alipofika kwenye ombi la tatu, lile la mapenzi ya Mungu, akakoma. Machozi yalikuwa yakimtoka, maana yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wanne. Akapumua, akalisema ombi lile mpaka mwisho, akaendelea. Tuliitikia Amina kwa shida. Lakini tuliitikia, na usiku ule tukasali.

Bibi yule hakutueleza neno tusilolijua. Alitushika, akatuvusha.

Basi twawapa maneno machache juu ya kuifanya kazi hii, si kama sheria, bali kama tulivyojifunza kwa kukosea.

Enda mapema. Siku ya tatu ni bora kuliko mwezi wa tatu. Haya huota mizizi. Jumapili ya kwanza yule ndugu tuliyemtaja angerudi kwa neno moja la jirani, na sasa maneno ya mchungaji hayamtoshi. Enda peke yako au wawili. Wakienda watano, mwenye nyumba huona baraza limemjia. Usichukue kitabu cha michango kwapani. Bisha hodi, keti, uliza habari za watoto na za shamba, kisha usikilize, nawe usimkatize mtu kwa kumletea habari ya mwingine aliyepatwa na makubwa zaidi. Neno moja usiliseme kamwe: "Watu wanasema." Neno hilo limewatoa wengi kanisani kuliko ulevi, nasi hatuogopi kuliandika. Kama wewe umeona kosa, sema, "Mimi nimeona." Kama hukuliona, huna la kusema.

Ukikosa maneno, usiyatafute mbali. Soma Zaburi moja, au sehemu ya Katekisimo, mkasali, ukaenda zako. Na mtu akikufungulia moyo akaungama dhambi, umtangazie msamaha kwa ajili ya Kristo, na jambo lenyewe likae kwako. Usilichukue kwa wazee, wala usilitie katika sala ya mkutano ili wote walisikie kwa njia ya Mungu. Likiwa zito kuliko nguvu zako, mwombe yeye mwenyewe ruhusa ya kumwita mchungaji. Kazi yetu sisi wachungaji ipo hapo, nasi hatuikimbii.

Kwa habari ya ugomvi kuna neno la pekee. Wazee wetu, hata kabla ya kuijua Injili, walikuwa na desturi ya kupeleka jani la sale kuomba radhi, na mara nyingi lilipelekwa kwa mkono wa mtu wa tatu. Aliyeletewa jani lile aliona ni vigumu sana kukataa. Angalieni basi: mmea ule ule uliopandwa kugawanya mpaka ndio uliotumiwa kupatanisha. Wale ndugu wawili walikuwa na masale tele kati yao, na hakuna hata Mkristo mmoja mtaani aliyejitoa kuwa mtu wa tatu.

Siku hizi sharika nyingi zina jumuiya za nyumba kwa nyumba, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana ndipo mahali hasa pa kuifanya kazi hii. Lakini tumeketi katika nyingine ambazo sala ilikuwa fupi, hesabu ya michango ndefu, na chai ndefu kuliko vyote viwili. Asiyekuwapo akatajwa, ndiyo, kwa kuwa ana deni. Tena wako ndugu waliopata uhai kwa ule uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, wakajifunza kuungamiana waziwazi na kutembea nuruni. Wengi wao wametujenga sana. Ila twaomba wasimpime kila mtu kwa namna ya maneno yao. Yuko mnyonge ambaye ushuhuda mrefu humwogopesha, naye huhitaji mkono tu.

Na wewe unayejengwa, kubali kujengwa. Hili ni gumu kwa waalimu na wazee kuliko kwa watu wengine, nasi wachungaji tu wa mwisho. Kama tungalimwambia bibi yule, "Asante, mama, sala zetu tunazijua," angalichukua kikapu chake akaenda.

Katika mkutano ujao wa wazee wa kila mtaa, twaomba kitabu cha washirika kifunguliwe kabla ya kitabu cha fedha. Jina lisomwe moja moja, na kwa kila jina liulizwe swali moja: ni nani aliyebisha hodi kwake mwezi huu? Jina ambalo hakuna ajibuye, mwandishi alitie alama, na mtu asitoke mpaka wamepatana ni nani atakayekwenda, na siku gani. Sisi nasi tutarudi kwa yule ndugu Jumanne ijayo. Yule mzee aliyetuambia ya kwamba shauri lake walituwekea sisi ameomba kwenda pamoja nasi, naye amesema hodi atabisha yeye.